Kilo Tano za Inchi Nne

"Wewe hauna aibu hata kidogo," dada yangu alikuwa ananiambia, na sauti yake ilikuwa imeshafika mwisho wa korido ya hosteli. "Nimekuomba kitu moja. Moja, Enos. Tangu uzaliwe nimewahi kukuomba nini?"

"Umeniomba chaja. Umeniomba nikupelekee viatu kwa fundi. Juzi umeniomba nimwambie mama ati uko kanisani."

"Vaa hiyo sweta."

"Sivai."

"Enos, vaa."

"Mimi nimemaliza Form Four, Nasipwondi. Nilivua sweta ya shule Novemba nikaapa hata mbuzi sitaivalisha. Sasa unataka nirudi Form Three? Nilikaa huko mwaka mzima, sikuona kitu ya kunirudisha."

"Ni dakika ishirini."

"Hata kama ni mbili."

Mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta mara tatu. Nasipwondi akamjibu mara nne, tena kwa nguvu, halafu akanigeukia mimi.

"Umeona? Unapigia watu kelele."

"Wewe ndio unapiga kelele."

"Mimi naongea."

Wacha nieleze, juu ukiingia hapa katikati unaweza dhani dada yangu amerukwa na akili. Nasipwondi ako mwaka wa tatu campus, anasomea ualimu wa kemia na hesabu. Kabla hawajatumwa kwa shule za ukweli kufundisha watoto wa ukweli, ile wanaita TP, lazima wapite kitu inaitwa microteaching. Mmoja wao anasimama mbele kama mwalimu. Wenzake wa darasa wanakaa kwa viti wakijifanya watoto wa sekondari. Lekcha anakaa nyuma kabisa na fomu, anaandika. Basi hapo unapata watu wazima, wengine na ndevu, wamemaliza kemia ngumu ngumu za campus, wanaulizwa asidi ni nini, na wanainua mkono wakikunja uso kama hawajawahi sikia hilo neno.

Dada yangu alikuwa ameshaanguka hiyo kitu mara moja. Lekcha wao, Dokta Seline, alimwandikia kwa fomu mstari mmoja tu: Umefundisha ubao, wanafunzi walikuwa wapi? Leo ilikuwa nafasi ya pili na ya mwisho. Akianguka, wenzake wanaenda TP mwezi ujao, yeye anabaki mwaka mzima akingoja kundi la nyuma. Na alikuwa ameshapata shule huko Kombewa. Hedimasta amemkubali, ameona mpaka nyumba ya kukaa karibu na soko, ameshonesha sketi mbili ndefu za mwalimu. Hizo sketi zilikuwa zimening'inia hapo nyuma ya mlango zikituangalia tukigombana.

Sasa fomu inasema wanafunzi wasipungue kumi. Walikuwa kumi kamili. Jana jioni mmoja wao, Milka, jino ikaanza kumuuma, shavu ikafura kama ameficha yai ndani, wakabaki tisa. Hapo ndio nikapigiwa simu nikiwa Kondele, kwa hardware ya Mzee Waliaula mahali nafanyanga kazi tangu nimalize shule. Ati nikuje mbio. Nilidhani kuna mtu ameaga. Nimeruka boda na nguo za kazi, nafika, naonyeshwa sweta.

"Samaki," nikamwambia.

"Samaki nini?"

"Nikivaa, unanipeleka Dunga, kule ziwani. Ngege wa kukaanga, na ugali."

"Nusu."

"Mzima. Na kichwa siachi."

Akaangalia simu yake. Dakika kumi zilikuwa zimebaki. "Mzima," akasema, kama mtu anatia sahihi mahali hataki.

Sweta ilikuwa ya mtu mwingine, kijani, mikono inaishia hapa juu ya kifundo. Nilivaa juu ya shati ya kazi. Tukatoka tukitembea haraka, yeye na kikapu cha vitu vya kemia, mimi nyuma nikijikuna shingo.

"Hauulizi swali," akaniambia bila kugeuka.

"Sawa."

"Haujibu swali."

"Sasa nitafanya nini huko ndani?"

"Unakaa. Si uliwahi kaa?"

Kukaa ndio kitu siwezangi, na yeye anajua. Shuleni walimu wote walinijua kwa goti. Goti yangu ikianza kutetemeka, dawati lote linatetemeka na wino wa jirani unamwagika. Lakini nilimfuata tu, juu nilikuwa nafikiria ngege.

Nje ya chumba cha microteaching tulipata Simiyu, kiongozi wa kundi lao. Huyo ndio ana ndevu mpaka anafanana na mzazi aliyekuja kuchukua ripoti. Akanivuta kando, akaniwekea mkono kwa bega.

"Sikiza, kijana. Dokta alisema wanafunzi hawaonekani, sivyo? Leo wataonekana. Kila swali, kila mtu anainua mkono. Unajua, haujui, inua. Lakini kama unajua, unaacha kiganja wazi, hivi. Kama haujui, unafunga ngumi, hivi. Mwalimu anachagua kiganja peke yake. Dokta ako nyuma, anaona tu msitu wa mikono. Umeshika?"

"Hiyo ni akili," nikasema, na nilimaanisha.

"Sisi wote tumepita nayo wiki hii. Amebaki dada yako."

"Na mimi niwe nini?"

"Wewe ni ngumi. Kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ngumi."

Nikaingia nikakaa kiti cha pili karibu na dirisha. Kutoka hapo unaona chini mpaka ziwa, imelala pale mbali ikimetameta kama bati mpya. Chumba chenyewe kina meza ya mbele, sinki, mizani ya stima, na ubao mweupe. Dokta Seline akaingia, mama mfupi, miwani kwa kamba, fomu mkononi. Tukasimama wote. "Kaeni, Form Three," akasema, hata hakucheka. Akapita nyuma, akakaa.

Nasipwondi akapanga vitu vyake mezani. Akapangua, akapanga tena vile vile, na hapo, kusema ukweli, nikasahau samaki kidogo. Huyu ni mtu amenifundisha kufunga kamba za viatu. Sijawahi kumuona akiogopa kitu isipokuwa popo.

Akaandika kwa ubao: Moli.

Nikasema ndani yangu, hapana. Kati ya vitu vyote. Kwa ile kemia yote ya sekondari, moli ndio ilinimaliza. Mwalimu wetu alikuja Jumatatu, akaandika moli ni kiasi cha kitu kilicho na chembe sawa na atomi zilizo kwa gramu kumi na mbili za kaboni. Tukaandika. Jumatano tukaulizwa, tukasema vile tuliandika. Ijumaa tukafanya mtihani, tukaanguka. Nilikariri hiyo sentensi mpaka naweza kuiimba, na mpaka leo ukiniamsha sijui inasema nini.

"Form Three," Nasipwondi akaanza, sauti juu kidogo kuliko yake ya kawaida. "Leo tutajifunza kuhusu moli. Nani anaweza kuniambia, mayai thelathini yanaitwaje?"

Mikono kumi juu. Viganja saba, ngumi tatu. Akachagua kiganja.

"Trei, mwalimu," akasema mmoja wao, Ochieng, na sauti ya mtoto.

"Vizuri sana. Na vitu kumi na viwili?"

Mikono kumi. Dazeni. Vizuri sana. Nyuma nikasikia kalamu ya Dokta inakwaruza karatasi. Kila kitu kilikuwa kinateleza kama sabuni. Nasipwondi akageuka kwa ubao akaandika ile sentensi. Ile ile. Gramu kumi na mbili za kaboni. Neno kwa neno, kama ametumwa na mwalimu wangu kunitafuta.

Halafu akatoa kwa kikapu sahani mbili ndogo za glasi. Moja ilikuwa na unga mweusi, mkaa uliosagwa. Ingine ilikuwa na unga wa manjano, salfa. Akaziweka kwa mizani moja baada ya ingine ili tuone nambari.

"Hii ni moli moja ya kaboni, gramu kumi na mbili. Na hii ni moli moja ya salfa, gramu thelathini na mbili. Zote mbili zina idadi sawa ya atomi. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu," tukasema.

Goti yangu ikaanza.

Mimi naangalia hizo sahani. Hii ni kidogo, hii ni mingi. Gramu kumi na mbili, gramu thelathini na mbili. Na ati ni idadi sawa. Sasa hawa watu tisa wananiambia ndiyo mwalimu, na mimi pia nimesema ndiyo mwalimu, na hivyo ndio nilisema miaka yote, na hivyo ndio nilipata D.

"Swali," Nasipwondi akasema, na hii ilikuwa kwa lesson plan yake, nilimuona akiangalia karatasi. "Nani anaweza kueleza kwa nini hizi mbili zina idadi sawa ya atomi?"

Mikono kumi.

Nitakwambia vile iko. Sikusahau. Watu baadaye wameniambia ati labda nilisahau, na ningeweza kukubali hiyo, ingenisaidia. Lakini nilikumbuka vizuri kabisa mimi ni ngumi. Niliinua ngumi. Halafu hapo juu hewani, nikaifungua.

Nasipwondi akaona kiganja. Akaona ni changu. Akasita, na nikaona macho yake yakifanya hesabu: huyu anajua? Lini alijua? Viganja vingine vilikuwa vinne tu, na Dokta alikuwa amesimamisha kalamu. Nadhani aliona pia itapendeza akichagua mtu ambaye hajajibu bado.

"Ndiyo, wewe wa dirishani."

Nikasimama. "Mwalimu, sijaelewa."

Simiyu, kiti cha mbele yangu, akashusha mkono wake polepole kama mtu anashusha bendera.

"Haujaelewa nini?" dada yangu akauliza. Na macho yake yalikuwa yananiambia kitu tofauti, yalikuwa yanasema ngege amekufa, na wewe pia.

Lakini nilikuwa nimeshasimama. "Hii ni kidogo na hii ni mingi. Sasa zinakuwaje sawa? Na nani alihesabu? Kuna mtu alikaa chini akahesabu?"

Mtu akacheka, akajifanya anakohoa.

"Mwalimu, mimi najua," Simiyu akasema haraka, mkono juu, kiganja wazi kama trafiki.

"Simiyu," Dokta Seline akaita kutoka nyuma, sauti ya upole, "wewe ulifundisha Jumanne. Nyamaza tumsikie mwalimu."

Nasipwondi akaangalia lesson plan. Najua kilichokuwa huko, juu niliona baadaye: dakika ya nane mpaka kumi na mbili, mwanafunzi anajibu, mwalimu anamsifu. Haikuwa imeandikwa mwanafunzi akisema hajaelewa unafanya nini. Akageuza ukurasa. Akarudisha. Akafungua mdomo akaanza, "Moli ni kiasi cha kitu kilicho na," halafu akaacha katikati. Aliniangalia, na nadhani aliona goti. Akaweka karatasi chini, uso chini kabisa, juu ya meza.

"Yaya," akasema.

Hivyo ndio tunaitana kwetu Bungoma, ndugu na dada. Ilimtoka tu. Nyuma nikasikia kiti cha Dokta kikilia.

"Yaya, fundi akikuja kwa Mzee Waliaula, akuambie anataka misumari mia tatu na sitini ya inchi mbili. Unafanya nini?"

"Nampimia kilo moja."

"Hauhesabu?"

"Nihesabu mia tatu na sitini? Mzee atanifukuza. Watu wako laini nyuma yake. Kilo ya inchi mbili ni mia tatu na sitini, kila mtu anajua. Ikizidi inazidi moja."

"Nani alikuambia ni mia tatu na sitini?"

"Siku ya kwanza kazi mzee alinikalisha chini na kilo moja ya kila saizi, akaniambia hesabu. Nilitoka hapo saa tisa, vidole nyeusi. Tangu hiyo siku sijahesabu tena, napima tu."

"Sawa. Huyo fundi anasema pia anataka mia tatu na sitini ya inchi nne. Unampimia kilo moja?"

"Hapana. Kilo ya inchi nne ni sabini na mbili tu. Hizo ni nono. Mmoja wa inchi nne ni mzito kama watano wa inchi mbili. Nampimia kilo tano."

"Kwa hivyo hapo kaunta sasa uko na mfuko wa kilo moja na mfuko wa kilo tano."

"Eh."

"Gani iko na misumari mingi?"

"Hakuna. Zote ni mia tatu na..."

Nikaacha. Nikaangalia sahani ya mkaa. Nikaangalia sahani ya salfa. Unajua ile kitu mtu amekupigia kelele jina lako sokoni, unageuka geuka, halafu unamuona alikuwa amesimama mbele yako wakati wote? Ilikuwa hivyo.

"Mkaa ni inchi mbili," nikasema.

"Endelea."

"Salfa ni inchi nne. Yaani atomi yake moja ni nono kuliko ya mkaa. Kwa hivyo ukitaka idadi iwe sawa, lazima salfa upime gramu mingi. Na hakuna mtu anahesabu, mnapima tu. Moli ni, moli ni ile mia tatu na sitini."

"Ni ile mia tatu na sitini," akasema Nasipwondi, na sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya kawaida, ya nyumbani. "Isipokuwa ya kwetu ni kubwa. Ni sita, sufuri, mbili, mbili, halafu, wacha niandike." Akaandika ile nambari yote kwa ubao, sufuri zote ishirini na ngapi, mpaka ubao ukakaribia kuisha. "Hata ukianza kuhesabu leo, na wajukuu wako wakusaidie, hamuwezi maliza. Watu waliitafuta kwa kuzunguka, miaka mingi, huyu akiacha hapa, mwingine anaendelea. Hiyo ndio ilikuwa siku yao ya kwanza kazi. Sisi wengine tunapima."

"Na shaba?" nikauliza. Sikuwa nimekaa bado.

"Gramu sitini na nne."

"Hiyo ni inchi sita."

Darasa likacheka, na sio kicheko cha kujifanya. Halafu Ochieng akainua mkono, na sikuona kama ni ngumi ama kiganja, juu aliinua ovyo, kidole kimoja mbele, vile watu huinua wakitaka kusema kitu. "Mwalimu, sasa hewa? Hewa unapima aje kama misumari?" Na hiyo ilikuwa sauti yake mwenyewe, nzito, sio ya mtoto. Nasipwondi akamjibu. Mwingine akauliza, juu ya maji. Simiyu akageuka nyuma akaninong'onezea, "Wee, mimi nimefanya kemia miaka tatu, nimepata B, na hii kitu hakuna mtu amewahi niambia hivi." Nikamwambia akuje kwa hardware.

Dakika ishirini zikaisha Nasipwondi akiwa na unga wa salfa kwa pua na bado hajafika kwa hesabu za ubao. Dokta Seline akapiga makofi mawili. Akasimama, akavua miwani ikabaki imening'inia, akakuja mbele na fomu yake.

"Mwalimu Nasipwondi."

"Ndiyo, Dokta."

"Lesson plan yako inasema dakika ya kumi na tatu ungekuwa umeanza hesabu. Hukuanza."

"Ndiyo, Dokta."

"Hapo nimekata alama. Tena umelala na ile maana ya kitabu mpaka mtoto akakuamsha. Nimekata. Na huyu," akanionyesha na kalamu, "amekuita nani? Ama wewe ndio umemuita. Yaya. Huyu sio wa mwaka wa tatu. Huyu ni nani?"

"Ni ndugu yangu, Dokta. Milka ni mgonjwa, tulikuwa tisa."

"Ungeniambia. Ningekubali tisa."

Nikamuangalia dada yangu. Yeye akaangalia sakafu. Yaani hii sweta yote.

"Hapo pia nimekata," Dokta akasema. "Mara ya kwanza nilikuandikia nini?"

"Kwamba nimefundisha ubao."

"Soma ya leo." Akampa fomu.

Nasipwondi akasoma kimya kwanza. Halafu akasoma tena, na mdomo wake ukaanza kutoroka pande zote mbili. "Sitini na moja," akasema, kwa sauti ndogo.

"Hamsini ndio ya kupita. Nenda Kombewa. Na huko hautapata mtoto wa kukufungulia kiganja, huko watakuwa hamsini, wote wamenyamaza. Utafute mwenyewe nani hajaelewa." Halafu akanigeukia. "Kijana wa misumari. Mwalimu akiondoka hapa, mimi nikikuuliza kesho, moli ni nini?"

Ile sentensi ya Jumatatu ilikuja yenyewe mpaka kwa ulimi, kiasi cha kitu kilicho na, nikaimeza. "Ni idadi," nikasema. "Ni ile idadi moja kubwa, ya kila kitu. Unaifikia kwa kupima, juu kuhesabu utazeeka. Na kila kitu kina uzito wake wa kuifikia."

Dokta Seline akaandika kitu, sijui ni nini.

"Unasomea nini?"

"Bado, Dokta. Nangoja kuchagua."

"Hm," akasema. "Haya, toka nje. Hawa wengine wabaki."

Simiyu akaanza kukusanya vitabu vyake kama hajasikia. "Hata wewe, Simiyu. Hasa wewe. Keti." Akakunja mikono kifuani. "Mimi nimekaa nyuma ya madarasa miaka kumi na tisa. Wiki yote hii nimeona mikono. Nilijiuliza, hawa wamekuwa werevu lini? Mpaka leo mmoja akafungua vidole hapo juu, taratibu, mbele ya dirisha, na mimi nikaona vizuri. Sasa, Form Three. Inueni mikono vile mmekuwa mkiinua."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Nilisimama hapo na mkono kwa komeo, juu ningewezaje kukosa hii? Mkono wa kwanza ukapanda, ngumi. Ukafunguka. Ukafungwa tena. Ochieng akainua kiganja, akaona wenzake wameinua ngumi, akabaki na kitu ya katikati, kama mtu ameshika yai isiyoonekana. Simiyu aliinua mikono miwili, moja ya kila aina.

Nasipwondi alikuwa bado kando ya ubao na fomu kifuani. Akaniangalia juu ya vichwa vyao. Uso wake ulikuwa wa mwalimu kabisa, mkavu, lakini mkono mmoja ulikuwa chini ya meza mahali Dokta haoni, na alikuwa anaupeleka hivi na hivi, taratibu, vile samaki anapiga mkia.

Nikavua sweta, nikaitundika kwa kiti cha mwisho, nikatoka, nikafunga mlango.